Tanga niliyoijua kwa kupiga hodi

Kazi ya kusoma mita za maji ina jambo moja ambalo haliandikwi kwenye barua ya ajira: inakuingiza uani kwa watu. Mgeni anaishia barazani. Hata jirani wa miaka mingi anaweza asijue karo la mwenzake liko upande gani. Mimi nilikuwa na baiskeli, mkoba wa turubai, kitabu cha kuandikia tarakimu, na ruhusa ya kupiga hodi nyumba yoyote yenye bomba, kuanzia Raskazone hadi Pongwe. Niliianza kazi hiyo nikiwa binti niliyetoka kumaliza kidato cha nne, nikaiacha nikiwa na wajukuu, na Tanga ninayoijua nimeijua hivyo, ua kwa ua.

Watu wa nje wanaijua Tanga kwa mambo machache. Watakutajia mahaba, watakutajia mkonge, na aliyesoma sana atakutajia mapango ya Amboni. Upo pia ule msemo wa mji wetu, "waja leo waondoka leo", ambao kila mtu anaueleza apendavyo. Nilichokiona mimi huko uani ni kinyume chake. Karibu kila nyumba niliyoingia, ukiuliza kwa adabu na ukawa na muda wa kusikiliza, utasikia habari ya babu au bibi aliyekuja kwa kazi ya muda, msimu mmoja au mkataba mmoja, akanogewa au akakwama, na hakuondoka. Ndiyo maana nilijizoeza kutouliza mtu kabila lake. Niliuliza, "Wazee wenu walikuja kwa kazi gani?" Swali hilo lilifungua vinywa ambavyo lile la kwanza lingevifunga.

Nianze na Ngamiani, maana ndipo moyo wangu ulipo. Barabara zake zina namba na zimenyooka sambamba, kwa hiyo mtu wa Ngamiani akikuelekeza kwake hakutajii mti wala duka. Anakwambia barabara ya nane, au ya kumi na mbili, basi. Ramani hiyo haikuchorwa kwa mapenzi. Wakoloni waliugawa mji: Wazungu wakakaa Raskazone na Bombo kwenye upepo wa bahari, Wahindi na maduka yao wakawekwa katikati, na Waswahili wakapelekwa ng'ambo ya reli, kwenye viwanja vilivyopimwa kwa kamba. Reli ikawa ndiyo mpaka. Mpaka leo wazee wa Ngamiani wakivuka kwenda sokoni upande wa pili wanasema wanakwenda mjini, kana kwamba wao wanaishi shamba.

Lakini ndani ya viwanja vile vya kamba watu walijenga walichokitaka. Nyumba ya Ngamiani ya zamani ina baraza mbele, mlango, ukumbi unaokwenda moja kwa moja hadi nyuma, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto. Ukimaliza ukumbi unatokea uani: jiko, choo, karo, bomba, kamba za nguo, na mara nyingi mkomamanga au mlimau kwenye kona. Mita ilikuwa karibu na karo, chini ya mfuniko wa bati au wa zege, na mara nyingi nililazimika kuomba watu wasogeze ndoo ndipo niinue mfuniko. Mita moja, bili moja, na vyumba sita vya watu sita wasiojuana asili.

Nataka nikae kidogo kwenye bili hiyo, kwa sababu sijaona mahali pengine ambapo Tanga inaonekana vizuri kuliko pale. Kulikuwa na nyumba barabara ya tisa ambayo mwenyewe alikuwa bibi wa Kidigo, mjane. Wapangaji wake siku nilizomkuta walikuwa hivi: chumba cha mbele kulia fundi cherehani wa Kisambaa aliyeteremka Lushoto, anayefuata muuza vitumbua wa Kibondei kutoka Muheza, nyuma yake kuli wa bandarini, baba yake Mnyamwezi, upande wa kushoto kijana wa Kisegeju wa Moa aliyekuwa akiuza samaki, na mama mmoja wa Kipare na wanawe. Chumba cha sita alilala bibi mwenyewe. Nikipiga hodi alikuwa akiitika kutoka uani bila kunyanyuka kwenye mbuzi ya nazi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu, pita. Leo umetuletea nini, heri au bili?"

Nikishamaliza kusoma, kikao kilikaa palepale. Bili iligawanywa kwa vichwa, lakini vichwa vilikuwa na sheria zake. Mtoto asiyeanza shule hahesabiwi. Mgeni akilala zaidi ya wiki anahesabiwa na mwenyeji wake. Muuza vitumbua anaongeza juu ya vichwa vyake, kwa sababu analoweka mchele kila usiku na kusugua makarai kila asubuhi, na hakuwahi kusubiri aambiwe. Kukitokea msiba, maji ya kuoshea maiti na ya kupikia waombolezaji hayawi ya mtu. Yanagawanywa sawa kwa nyumba nzima, hata kama aliyefariki ni ndugu wa mpangaji aliyehamia juzi. Sheria hiyo hakuna aliyeiandika, na niliikuta karibu ileile barabara ya nne, ya kumi na nne, na ng'ambo huko Makorora. Watu waliotoka milimani, visiwani na bara walikuwa wamekubaliana juu ya maji ya msiba kabla hawajakubaliana juu ya jambo jingine lolote.

Kazi iliyoleta watu wengi kuliko zote ni mkonge, na hapo nasema habari za kwetu. Babu mzaa baba alitoka Kigoma kwa mkataba wa manamba. Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni kama yeye. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 Tanganyika ilikuja kuongoza dunia kwa mkonge, ikivuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka mwanzoni mwa miaka ya sitini. Mwaka huohuo wa 1893 ndio ulioanza ujenzi wa reli kutokea Tanga, reli ya kwanza katika nchi hii. Ilifika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911. Ukiitazama ramani yake utaona imepita palepale mashamba yalipoenea. Mkonge na reli vililelewa pamoja, na mji wetu ndio mlezi wao.

Wadigo, Wabondei na Wazigua walikuwa na mashamba yao wenyewe na hawakuona sababu ya kwenda kuchomwa na miiba kwa ujira mdogo. Kwa hiyo wenye mashamba walitafuta watu mbali: Kigoma, Songea, Njombe, Ruanda-Urundi, Msumbiji. Babu alikuwa mkataji. Kazi yake ilipimwa kwa matita, majani 30 kila tita, na yakishafungwa anayabeba hadi kwenye njia ya reli ndogo inayokwenda korona, ambako jani husagwa zikabaki singa, yaani nyuzi zake. Kila siku aliyotimiza kazi iliwekwa alama kwenye kipande chake. Kipande kile babu alikihifadhi kwenye mkebe wa biskuti pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wake, na alikuwa akitutolea siku za sikukuu tukione, karatasi ngumu iliyoingia rangi ya chai, yenye miraba midogo. Viganja vyake vilikuwa na makovu membamba meupe yaliyokwenda kila upande. Alituambia jani la mkonge halikuchomi ukiwa na haraka nalo, linakuchoma ukipumzika.

Mkataba ulipokwisha alikuwa na haki ya kurudishwa kwao. Badala yake alimuoa bibi yangu, Mbondei, akanunua kiwanja Mabawa na kujenga nyumba ya udongo. Siku ya harusi ya shangazi yetu mkubwa, barazani walikuwa wakisoma maulidi na uani wazee wa Kiha wakicheza ngoma ya kwao, na hakuna aliyemwambia mwenzake apunguze sauti. Nimeingia nyumba nyingi Duga, Mabawa na Mikanjuni zenye simulizi ya namna hiyo. Wajukuu wa Waha, wa Wabena, wa Wamakonde, wote wanazungumza Kiswahili cha Tanga kilichotulia, na wengi wao hawajawahi kuiona nchi ya babu zao.

Bei ya mkonge ilipoanguka kwa sababu ya kamba za nailoni, kisha mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, mji ulipata majeraha ambayo hayajapona yote. Wazee wanahesabu miaka kwa hilo. Mtu hakwambii alizaliwa lini. Anakwambia "mkonge ulipokuwa juu" au "korona ilipofungwa". Baadaye vilikuja viwanda vya mbolea, chuma, saruji na sabuni, na baadhi yake navyo vikafungwa. Katika kitabu changu cha mita niliuona uchumi wa Tanga kabla haujatangazwa redioni: nyumba za mtaa fulani zinaanza kutumia maji kidogo, halafu kidogo zaidi, halafu kufuli mlangoni.

Katikati ya mji kazi yangu ilikuwa ya ngazi. Nyumba za Uhindini ni za ghorofa moja au mbili, duka chini, familia juu, varanda za mbao zenye nakshi, na kwenye paji la jengo mwaka wa kujengwa umechongwa kwenye saruji. Kulikuwa na Mabohora, Maismailia, Maithnaasheri, Wahindu, Magoa, kila jamaa na mahali pao pa ibada, wote katika mitaa unayoweza kuitembea kabla chai haijapoa. Serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha mwaka 1971 wengi waliondoka, na ghorofa zile zikaingia wapangaji wa kila asili. Waliobaki walibaki kweli. Bibi mmoja wa Kibohora, ambaye varanda yake inatazama mnara wa saa, alikuwa hakubali nishuke bila chai ya maziwa yenye iliki na bajia za dengu, na alinisahihisha Kiswahili changu kila nilipoingiza maneno ya Dar es Salaam. Baba yake alikuja kuuza kanga. Yeye mwenyewe alizaliwa kwenye chumba kilekile alichokuwa akilala.

Wagiriki wengi hawakubaki, ila majina yao yapo. Galanos lilikuwa jina la Christos Galanos, Mgiriki mwenye mashamba ya mkonge; leo ni sekondari, na ni chemchemi za maji moto yenye salfa huko upande wa Amboni. Wanafunzi wanaoimba wimbo wa shule asubuhi wengi wao ni vitukuu wa wakataji.

Raskazone niliipenda kwa upepo na niliogopa mbwa wake. Nyumba kubwa, kuta nene, varanda pana, watu wawili ndani na bustani nje. Mita moja ya huko ilikuwa ikisoma zaidi ya nyumba kadhaa za Ngamiani zikiwekwa pamoja, na aliyekunywa maji hayo ni majani. Wenyeji wangu wa Raskazone walikuwa walinzi na watunza bustani, na wao ndio walionieleza vita. Mwezi Novemba 1914 Waingereza walishusha hapo jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao askari kutoka India, waje kuuteka mji. Wajerumani walikuwa kama 1,000 chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, na wengi wa hao 1,000 ni askari Waafrika. Walipigana kutoka mashamba ya pwani hadi mitaani na kwenye njia ya reli. Nyuki walitibuliwa na risasi, wakawashambulia watu bila kuchagua. Kufikia tarehe 5 Waingereza walikuwa wamerudi melini na kuacha ufukweni shehena ya bunduki na risasi.

Hadithi ya nyuki kila mtu anaipenda. Mimi kinachoniuma ni kwamba vita ya mataifa mawili ya Ulaya ilipiganwa hapa na watu wa India na Unyamwezi, na mtoto wa Tanga anaweza kumaliza darasa la saba akijua nyuki bila kumjua askari hata mmoja. Makaburi yapo mjini. Nawasihi walimu wawapeleke watoto.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Chuda ndiye aliyenifungua macho upande mwingine. Alikuwa na tabia ya kunisubiri. Nikiinua mfuniko wa mita yeye ameshaweka kiti. Alinieleza kwamba Wajerumani walipoanzisha shule ya serikali Tanga mwaka 1892 walikuwa wanataka makarani, na makarani waliwapata. Lakini karani akishajua kusoma na kuandika hakai kimya. Kuanzia 1904 gazeti la Kiswahili, Kiongozi, lilikuwa likitoka hapahapa Tanga, na likaendelea hadi vita ilipolizima mwaka 1916. Na mwaka 1922, chini ya Waingereza, Martin Kayamba, karani wa Kibondei katika ofisi ya wilaya, aliongoza kuanzishwa kwa chama cha watumishi wa serikali Waafrika wa Tanganyika. Chama kile kilikutanisha Wakristo wa misheni ya Magila na Waislamu wa mjini, watu wa pwani na watu wa bara, kwa sababu ya kazi waliyokuwa wakiifanya. "Unaona mwanangu," mwalimu aliniambia, "hata siasa hapa ilianzia kazini." Sentensi hiyo niliibeba mwaka mzima, na ndiyo iliyonifanya nianze kuandika majibu ya watu nyuma ya kitabu changu badala ya kuyasikia na kuyaacha.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naamini ndilo linaloshikilia mji huu, nalo ni ushindani. Tanga haipendi kitu kimoja. Baada ya vita ile ya kwanza kulikuwa na ngoma ya beni, na mji uligawanyika Marini na Arinoti, kila upande na sare zake, vyeo vyake na paredi zake. Ilipokuja zama ya taarab, kulikuwa na Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyoingiza gitaa na mdundo wa kuchezeka, vikabadilisha taarab ya pwani nzima hadi Mombasa. Kwenye dansi, Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Kwenye mpira, Coastal Union na African Sports, na mpaka leo Mkwakwani ikiwa na mechi ya watani hao mtu hawezi kukunja kona bila kuulizwa yuko wapi. Coastal Union walipochukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1988, nilikuwa nimesimama barabarani na baiskeli yangu nikashindwa kupita kwa umati.

Angalia mtu anavyochagua upande. Mimi ni wa Coastal kwa sababu shoga yangu wa utotoni, binti wa Kiarabu wa Kishihiri ambaye baba yake alikuwa na duka la rejareja kona ya mtaa wetu, alikuwa wa Coastal. Kaka yangu wa tumbo moja ni wa African Sports kwa sababu ya fundi baiskeli aliyemfundisha kazi. Nyumba moja, baba mmoja, pande mbili. Muuza vitumbua na kuli wa barabara ya tisa hawakuwa na lugha moja ya kuzaliwa wala dini moja, lakini walikuwa African Sports wote wawili, na bibi mwenye nyumba akiwatania kwa Coastal yake walisimama bega kwa bega. Mji unaogawanyika kwa timu na kwa taarab haupati nafasi ya kugawanyika kwa makabila, maana kila kambi imejaa kila aina ya mtu. Nimesoma habari za miji mingine iliyoshindwa jambo hili, na nikikumbuka kelele za Mkwakwani nazishukuru.

Kusini, Tongoni, mabomba yalifika baadaye, na mara zangu za kwenda nilikuwa nikipanda daladala kwa sababu ni kama kilomita 20. Msikiti wa kale uliobomoka na makaburi zaidi ya 40 ya matumbawe, baadhi yake yalikuwa na nguzo ndefu, yapo kando ya bahari karibu na kijiji cha wavuvi. Mtang'ata wa zamani ndio huu. Vasco da Gama aliichoma moto hapa meli yake São Rafael mwaka 1499, alipokuwa hana tena mabaharia wa kutosha kuiendesha, na walioishi hapo wakaendelea na maisha yao. Lahaja ya Kimtang'ata bado inasikika kwa wazee. Kila nikifika nilikumbuka kwamba bandari, reli na mkonge ni mambo ya juzi kwa mwambao huu. Sahare nako nilikuta wavuvi wa Kojani, Pemba, waliokuja dago, wakaweka kambi ya msimu, wakaoa. Yaleyale.

Na bado wanakuja. Bandari yetu ilikuwa na kina kidogo kiasi kwamba meli kubwa zilitia nanga nje na shehena ikafuatwa kwa matishari. Sasa imechimbwa hadi mita 13 na gati limeongezwa kuwa la mita 450. Chongoleani ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443. Nenda leo Mabokweni jioni utasikia Kihaya, Kiganda, Kisukuma, na vijana wenye makoti ya kazi wakiulizia chumba. Mamantilie wa huko wameshajifunza kupika matoke. Sina hofu nao hawa. Wakiuliziwa kabila watajibu kwa kifupi. Wakiuliziwa kazi watakaa chini waeleze.

Ninachokihofia ni ua. Nyumba za vyumba sita za Ngamiani zinabomolewa moja baada ya nyingine, zinapanda ghorofa zenye vyumba vya kujitegemea, kila mpangaji na mlango wake, choo chake na mita yake. Simlaumu mtu. Choo cha ndani ni stara, na mama mwenye watoto wadogo ana haki ya bomba lake mwenyewe. Lakini kile kikao cha kugawana bili, ambacho ndicho kilichomfundisha Msambaa na Mnyamwezi kuishi pamoja, hakina tena pa kukaa. Ghorofa ya vyumba ishirini haina karo moja. Msiba ukitokea, majirani wanachanga pesa kwenye kundi la simu, na ni vizuri, lakini mgeni aliyehamia juzi hayumo kwenye kundi.

Kwa hiyo nimechukua vile vitabu vyangu vya zamani, vyenye majibu nyuma yake, na pamoja na mjukuu wangu anayesoma shule ya Usagara tunanakili upya, nyumba kwa nyumba, chumba kwa chumba: nani alikaa, alikuja lini, kwa kazi gani, alimuoa nani, timu gani. Mjukuu anapiga picha nyumba iliyobaki na mimi natafuta wazee. Barabara ya tisa tumeanza nayo. Ile nyumba ya bibi wa Kidigo imeshabomolewa, ila vyumba vyake vitano tumevijaza kurudi nyuma hadi mwaka wa uhuru. Kinachotusumbua ni kile cha mbele kulia: kabla ya fundi cherehani alikaa fundi makenika wa reli, mtu mrefu aliyekuwa akipiga zeze barazani usiku, wote wanamkumbuka na hakuna anayejua alitoka wapi wala alikwenda wapi. Kama mzee wako alifanya kazi karakana ya reli Tanga miaka ya hamsini, muulize.